Kovu la Kuonyeshwa na Kovu la Kuguswa

BARAZA LA JUKWAA
Mwalimu anajibu barua za wasomaji kuhusu uigizaji na utunzi wa tamthilia

Barua za mwezi huu zimeangukia karibu zote kwenye jambo moja: pale mhusika anapotambua alichokuwa hakijui. Huenda akatambua mtu aliye mbele yake ni nani, au yeye mwenyewe ni mwana wa nani, au mikono yake imetenda nini. Nimezikusanya pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenyewe alinitumia mchezo mzima, kurasa 31 zilizopigwa chapa, na ndani yake mna kitu kizuri ambacho yeye hajakiona.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili Kayole na ndimi mlezi wa chama cha drama. Mwaka huu nimetunga mchezo kuhusu kijana anayefanya kazi ya udobi, akiishi na mamake ambaye ni fundi wa cherehani Gikomba. Landilodi wao ndiye babake mzazi, ila kijana hajui. Katika onyesho la mwisho mama yu kitandani hospitalini, anamwita na kumwambia: "Mwanangu, kabla sijafumba macho, jua kwamba mwenye nyumba ndiye baba yako." Tulipoigiza kwenye mashindano ya kaunti ndogo, ukumbi mzima uliangua kicheko. Watoto wangu walilia nyuma ya pazia. Mwamuzi aliandika, "Utambuzi umelazimishwa." Nilikosea wapi?

JAWABU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wape watoto pole, uwaambie hawakuchekwa wao. Nimesoma onyesho hilo mara nne. Mama anasema maneno 112, kijana anasema "Mama!" mara tatu, na katika maelekezo yako ya jukwaani umeandika "anashtuka" mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo kazi yote uliyompa. Watazamaji wamemfuata kijana huyu tangu mwanzo, wamemwona akichota maji, akiwasha makaa, akibishana na landilodi juu ya kodi. Halafu anapofika kwenye mlango ambao mchezo wote ulikuwa ukimpeleka, unamkalisha kwenye kiti na kumsomea tangazo. Mtu akinyimwa kitu alichokingojea kwa muda mrefu, wakati mwingine hucheka.

Kila mwaka mimi huwasimulia wanafunzi wangu visa viwili vya kovu moja. Odysseus, shujaa wa utendi wa kale wa Kigiriki, anarudi kwake baada ya miaka 20, amejigeuza maskini, amevaa matambara. Mkewe anaagiza mgeni aoshwe miguu, kama ilivyo ada ya kumkirimu mgeni. Anayemwosha ni Eurycleia, mwanamke mzee aliyemlea tangu utotoni. Odysseus anakumbuka ghafla kwamba ana kovu juu ya goti, la pembe ya nguruwe mwitu aliyemjeruhi ujanani akiwinda, basi anageuka kutoka kwenye mwanga wa moto na kukaa gizani. Lakini mzee haoshi kwa macho, anaosha kwa viganja. Kiganja kinapita juu ya kovu. Anauachia mguu, mguu unaanguka ndani ya beseni la shaba, beseni linalia, linainama, maji yanamwagika sakafuni. Anapotaka kusema, Odysseus anamkaba koo asitoe sauti.

Hicho ni kisa cha kwanza. Baadaye mtu yuyo huyo anawaita nje mchunga nguruwe na mchunga ng'ombe, anafunua matambara, anawaambia: tazameni kovu langu, ni mimi. Wanatazama, wanaamini, wanamkumbatia na kulia.

Aristotle, aliyeandika kuhusu utunzi wa tamthilia zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alivilinganisha visa hivi viwili. Akasema kile cha beseni ni bora kuliko kile cha wachungaji. Kovu ni lile lile na mguu ni ule ule. Lakini kwa wachungaji kovu limetolewa kama mtu anavyotoa kitambulisho langoni kwa askari. Kwa yule mama mzee, kovu limetokea ndani ya kazi aliyokuwa akiifanya, bila mtu kulipanga, tena wakati mwenye kovu anataka lisijulikane. Kuhusu utambuzi wenyewe, Wagiriki waliuita anagnorisis, na Aristotle anaueleza kuwa ni badiliko la kutoka kutojua hadi kujua, linalowaleta watu kwenye upendo au kwenye uadui. Shika sana hiyo sehemu ya pili. Baada ya kutambua, watu wawili hawawezi tena kuwa vile walivyokuwa.

Sasa rudi kwenye mchezo wako, ukurasa wa 4. Mama anashona, kijana anamuuliza mbona analitengenezea koti moja mfuko wa pili wa ndani. Umemwandikia jibu hili: "Nimejaribu tu kama mkono bado unakumbuka. Mfuko huu nilimwekea mtu mmoja maishani, kwa uzi mwekundu, koti likiwa jeusi." Kijana anauliza ni nani. Mama anakata uzi kwa meno na kumwuliza kama mboga imeiva. Mwalimu, huo ni ukurasa wa mtunzi! Kisha ukurasa wa 9 landilodi analeta koti lake kuukuu jeusi lipigwe pasi, anakwenda mazishini. Koti likatundikwa msumarini, likasahaulika mpaka mwisho. Ulishika kovu mkononi ukampeleka mama hospitalini.

Basi mwache kijana apige pasi. Pasi iwe ya makaa, ile yenye kifuniko cha jogoo, na iwe ya moto kweli. Anapiga mgongo wa koti, anapiga mikono, anapiga mluzi. Halafu analigeuza ndani nje apige bitana, kama dobi yeyote anayejua kazi yake. Kidole kinakwaa. Anainua bitana kwenye mwanga wa dirisha. Uzi mwekundu. Usimwekee barua ndani ya mfuko, wala picha, wala cheti cha kuzaliwa. Nakusihi, mfuko uwe mtupu. Hadhira inakumbuka ukurasa wa 4, na kijana anakumbuka, na pasi imebaki juu ya koti. Wekeni chini yake kipande cha sufu, kiungue kwelikweli, na ndoo ya maji iwe karibu. Harufu ya sufu inayoungua itafika safu ya tatu kabla kijana hajaisikia. Hayo ndiyo maji yako yaliyomwagika.

Kisha mlete landilodi mlangoni, amefuata koti lake. Analiona limeungua. "Utalilipa koti hili!" Kijana anasema, "Nitalilipa." Asimwite baba. Watazamaji watamwita wao, kimoyomoyo, kila mmoja kwa wakati wake.

Na mama mponye. Hana haja ya kufa.

SWALI: Toleo lililopita ulisema mhusika asiambiwe, ajigundulie mwenyewe. Mbona nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi waziwazi, "Wewe ndiwe mtu huyo," na habari hiyo inatuchoma mpaka leo? — Mzee wa kanisa, Jericho

JAWABU: Mzee wangu, umenisahihisha na ninashukuru. Nilisema kwa ukali mno.

Tazama lakini Nathani alianzia wapi. Alisimulia habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula tonge lake na kunywea kikombe chake na kulala kifuani pake, kisha tajiri akamnyang'anya ili apate cha kumwandalia mgeni. Daudi akawaka hasira, akahukumu: mtu huyo anastahili kufa, na alipe mara nne. Ameshatia sahihi kwa kinywa chake. Neno la Nathani linakuja baada ya hukumu, na halimpi Daudi habari hata moja mpya. Daudi alimjua Bathsheba, mke aliyemtwaa, na alimjua Uria, mumewe. Barua aliyompa Uria aibebe mwenyewe hadi vitani aliiandika yeye. Kilichogeuka ni kwamba hukumu aliyoitoa kwa mwingine imepata mwenyewe.

Kwa hiyo niseme hivi badala ya nilivyosema: mhusika anaweza kuambiwa, iwapo ameshatembea kwa miguu yake mpaka mahali ambapo neno dogo linatosha. Oedipus naye, mfalme katika tamthilia ya kale ya Kigiriki, alimlaani muuaji wa mfalme Laius mbele ya watu wote wa mji kabla hajajua kwamba muuaji ni yeye. Ukiwa na mhusika aliyejifunga hivyo, hata mtoto mdogo anaweza kuja kumwambia na jumba likatulia.

SWALI: Ninaandika mchezo wa redio na kaka yangu. Yeye anasema tufiche siri mpaka mwisho, wasikilizaji wa Nairobi wamezoea filamu za kushtukiza. Mimi naona wajue mapema. Nani ana haki? — Dada wa Pangani

JAWABU: Wewe, dada. Ingawa kaka yako asivunjike moyo, mshtuko una mahali pake.

Mtazame Yusuf. Ndugu zake wanakuja Misri kutafuta chakula, naye, kama inavyosema Kurani, akawajua na wao hawakumjua. Mtoto wa chuo Pumwani anajua tangu mwanzo ni nani aliyekaa kwenye kiti. Mtoto wa Sunday School hapo jirani anajua pia. Nani amewahi kuchoka na kisa hicho kwa sababu anajua mwisho? Katika kitabu cha Mwanzo Yusuf anatoka kwenda chumbani kulia, ananawa uso, anarudi, anajizuia, anaamuru chakula kiandaliwe. Sisi tumekaa naye mle chumbani. Kama tungekuwa hatujui, tungemwona mkubwa wa Misri anayenawa uso, basi. Kujua kwetu ndiko kunakoyatia yale maji uzito.

Lakini kuna hatua moja zaidi, na kwa redio naipenda sana. Wahusika wawili wasitambue kwa wakati mmoja. Katika kisa cha Oedipus, mjumbe anafika kutoka Korintho na habari kwamba mfalme wa huko, anayedhaniwa kuwa babake Oedipus, amefariki. Ni habari ya kumpunguzia Oedipus hofu, kwa kuwa ilitabiriwa kwamba atamuua babake na kumwoa mamake. Bado anahofia hilo la mama. Mjumbe, kwa nia njema kabisa, anamtoa wasiwasi: wale si wazazi wako, mimi ndiye niliyekupokea kwa mchungaji ukiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Na Jocasta, mkewe, amesimama pale pale akisikiliza. Yeye ameshajua kwamba mumewe ni mwanawe. Mume bado anauliza. Anamsihi aache kuuliza, naye anadhani mkewe anaona haya kwamba huenda ameolewa na mtoto wa mtumwa. Mwanamke anaingia ndani, na hatumwoni tena akiwa hai.

Ule muda kati ya kujua kwa mke na kujua kwa mume ndio ninaoutafuta kila ninaposoma mchezo mpya. Kundi letu lilikuwa na mchezo wetu wenyewe wa namna hiyo, tukifanya mazoezi Jumamosi katika ukumbi wa kijamii huku Makadara. Mume anapiga soga na mgeni kuhusu ajali ya zamani. Mke, akiwaletea chai, anatambua kwamba dereva aliyemgonga kaka yake akatoroka ni huyu mume aliyeketi hapa. Mwigizaji wetu, binti hodari sana, alikuwa akifunika uso na kugeuka. Kila wiki tunajaribu, kila wiki panakuwa pakavu. Siku moja nikamwambia asishushe sinia. Vikombe sita, chai ya kweli, na mume asimgeukie, aendelee kuongea. Akasimama. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha vikombe vikaanza kugongana na visahani, taratibu, vikazidi, naye akawa anajitahidi kuvinyamazisha na kadiri anavyojitahidi ndivyo vinavyolia. Mlinzi wa ukumbi alikuwa akifagia kule nyuma. Aliacha kufagia.

Huko redioni huna uso wala mikono. Una vikombe. Mwache kaka yako atafute sauti hiyo, mpe kazi hiyo yeye anayependa mshtuko.

SWALI: Mimi ni mwigizaji mchanga. Katika mchezo wetu ninagundua kwamba rafiki niliyemfukuza ndiye aliyeniokoa. Mwelekezi wangu anataka nipige magoti na kupiga mayowe. Siliamini yowe langu. Nifanye nini? — Kijana wa Umoja

JAWABU: Mwanangu, mwelekezi ni mwelekezi, zungumza naye kwa heshima, faraghani, mkiwa mmetulia. Mimi nitakusimulia jambo lililonipata, kwa kuwa kila ninachojua kuhusu swali lako nilikijua siku hiyo.

Nilisoma sekondari kwa karo ya mjomba wangu. Ndivyo nilivyoambiwa nyumbani, ndivyo nilivyoamini. Siku ya harusi yangu nilimwita mbele ya watu nikamvika koti, mke wangu akamfunika blanketi, nikasema, "Bila huyu nisingesoma." Watu wakapiga vigelegele, na shangazi yangu, dada yake baba, akapiga kuliko wote. Alikuwa amesimama penye masufuria ya pilau, mwiko mkononi. Alikuwa akiuza uji na mandazi karibu na soko la Burma, akiishi chumba kimoja Kaloleni, na hatukuwa tukimhesabu katika mambo ya pesa.

Alipofariki nilikuwa na miaka 34. Nilitumwa kwenda kufungua sanduku lake la bati tutafute kitambulisho kwa ajili ya kibali cha mazishi. Chini ya leso zake palikuwa na bahasha ya kaki. Ndani mna risiti za shule yangu, muhula baada ya muhula, miaka minne. Jina la mwanafunzi ni langu. Na kila muhula, mahali pa mlipaji, limeandikwa jina lake, kwa mwandiko wa makarani tofauti tofauti.

Sikupiga yowe. Sikulia hata. Nilikaa kwenye stuli nikaanza kuzipanga risiti kwa tarehe. Muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulikosekana mmoja, nikautafuta kwa bidii sana, kama kwamba hilo ndilo lililonileta. Jirani akachungulia mlangoni akaniuliza kama anipe chai, nikamwambia, "Tia sukari vijiko viwili." Mimi sinywi chai ya sukari, tangu utotoni. Nikainywa yote.

Kulia nililia baada ya siku tisa, ndani ya matatu, Jogoo Road, mwanamke mmoja alipofungua kikapu na harufu ya mandazi ikatoka.

Kwa hiyo jaribu hivi. Usitafute yowe. Tafuta kazi ambayo mikono yako inaweza kuikimbilia: kukunja kitu, kuhesabu kitu, kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Uifanye kwa uangalifu kupita kiasi. Kama yowe lipo litakuja lenyewe usiku mmoja wa maonyesho, na siku hiyo usilizuie. Kwenye mazoezi liache.

SWALI: Baba yangu ni mtu wa Lamu, alitulea Eastleigh kwa hadithi za Fumo Liyongo. Nataka kuigiza kifo cha Liyongo. Je, pale pana utambuzi, au ni msiba tu?

JAWABU: Pana utambuzi mkubwa kuliko mwingi ninaoujua, ndugu yangu, kwa kuwa anayetambua ni mji mzima.

Kwa wasiomjua: Liyongo ni shujaa asiyeuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikipigwa kitovuni. Mwanawe mwenyewe anashawishiwa na maadui, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anatoka mpaka karibu na kisima, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta. Na hapo hapo roho inamtoka, akiwa amelenga. Watu wanaokuja kuteka maji wanamwona, wanarudi mbio. Mji unakaa na kiu. Wanamwendea mamake, akambembeleze mwanawe awaache wanywe, naye anakwenda, anasema naye akidhani ana hasira, hajibiwi. Mwishowe mwili unaanguka, ndipo wanapojua kwamba aliyewanyima maji ni maiti.

Wengi hulifanya anguko lile kuwa kilele, ngoma zikalia. Mimi ningekiweka kilele mapema kidogo. Ningemtaka mama afike karibu kuliko mtu mwingine yeyote alivyothubutu, akiwa bado anamsemesha, anamkumbusha alivyomnyonyesha. Nzi atue kwenye jicho la mwanawe. Jicho lisipepese. Hili la nzi ni langu mimi, usilitafute kwenye utendi. Mwigizaji wa Liyongo hahitaji nzi wa kweli. Mama amfuate nzi kwa macho tu, sisi tutamwona.

Mama anyamaze katikati ya neno. Mji uko nyuma yake na mitungi mitupu, bado unaogopa, unamngoja aseme amekubaliwa nini. Yeye peke yake ndiye anayejua, na bado hajageuka.